Maswali na majibu: mirathi ya mwanajeshi, simu za "Hazina", na baba asiyelala usiku

Habari zenu wakuu, na wazee wangu wote wa vita ya Kagera, ile ya kumtoa Amin, shikamooni. Maswali yamejaa kwenye simu yangu mpaka mengine nimeyaunganisha, yanayofanana najibu mara moja. Kwa wageni tu, mi sio mwanasheria wala sio afande, mi ni binti wa sajini mmoja dereva aliyevuka daraja la Kyaka na kijana wa watu akarudi mzee, na mafaili yake nimeyabeba mimi toka ofisi moja mpaka nyingine kwa miaka, kwaiyo ninachoandika hapa nimekipigia foleni.

Mume wangu alikuwa JWTZ, alistaafu, amefariki mwaka huu. Shemeji yangu mkubwa amechukua bahasha yote ya makaratasi anasema yeye ndo atafuatilia mimi nikae eda kwanza. Nifanye nini? (Mama wa watoto watatu, Tabora)

Pole sana mama, Mungu akupe subira. Eda kaa, ni haki yako na ni dini yako, ila eda haizuii mtu kujua mafaili yako wapi. Mwambie shemeji kwa heshima kabisa, mbele ya mjomba au shangazi, "naomba tupige kopi ya kila kitu." Akikataa kopi, hapo sasa umeshajua unaongea na nani.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Cheti cha kifo kinatoka RITA, wale wa kusajili vizazi na vifo, au kwa msajili wa wilaya. Ukoo unakaa kikao, unaandikwa muhtasari, mnampendekeza msimamizi wa mirathi, wote waliohudhuria wanasaini. Mnaenda Mahakama ya Mwanzo na muhtasari, cheti cha kifo, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mahakama inatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, asipojitokeza mtu msimamizi anateuliwa. Sasa hapa ndo akina mama wengi wanapigwa: kuteuliwa msimamizi sio kuwa mrithi. Msimamizi ni mtu wa kukusanya na kugawa, na ana miezi 4 ya kupeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu ya alivyogawa. Shemeji akiteuliwa alafu akakaa na hela mwaka mzima unarudi palepale mahakamani unasema, hakimu anamuita. Na hakuna sheria inayosema msimamizi lazima awe mwanaume, wewe mjane unaweza kuwa msimamizi mwenyewe, mama yangu alikuwa, na wajomba walinuna wiki mbili wakazoea.

Kitu kingine, toeni taarifa ya kifo Hazina mapema, maana ndo inayolipa pensheni ya mwanajeshi. Najua kadi ya benki iko kabatini na namba ya siri mtoto anaijua, lakini pensheni ikiendelea kuingia na nyie mnatoa, siku ikigundulika linakuwa deni na linaweza kukwamisha hata kile ambacho mlitakiwa mlipwe kihalali.

Alafu jiandae kisaikolojia. Mwanajeshi anahamishwa vituo vitano sita maishani. Kwenye msiba wa jirani yetu, afande wa siku nyingi, siku ya tatu aliingia mama mmoja kutoka Ngerengere, kwenye kambi ya jeshi, na kijana mrefu anafanana na marehemu mpaka sauti, watu wote kimya, kahawa ikapoa kwenye vikombe. Mtoto ni mtoto. Mkimficha kwenye kikao ataenda kuweka pingamizi na mtaanza upya.

Kikokotoo kipya cha mafao ya kustaafu kinanihusu? Mi nastaafu JWTZ. (Msomaji, Morogoro)

Hapana mkuu. Ile 33% ya kulipwa kwa mkupuo iliyoanza Julai 2022 na mabadiliko ya bajeti ya 2024 ni ya wanachama wa mifuko ya hifadhi ya jamii, yaani PSSSF na NSSF. Wewe mwanajeshi hukuwa unachangia mfuko, unalipwa na Hazina. PSSSF yenyewe imezaliwa 2018 walipounganisha PSPF, LAPF, PPF na GEPF, kwaiyo hata ukienda kwenye kaunta yao watakurudisha tu. Kama uliwahi kuajiriwa sehemu nyingine kabla au baada ya jeshi, hiyo ni hesabu nyingine, ifuatilie mbali.

Baba kapigiwa simu na mtu anajiita kanali, anasema malimbikizo ya wastaafu wa vita ya Kagera yametoka, ni milioni 14, atume laki moja na nusu ya "kufungua faili". Ni kweli? (Kijana wa Shinyanga)

Ni matapeli. Mwambie baba asitume hata mia.

Nirudie kwa herufi kubwa maana kila mwezi naletewa hii: HAKUNA HELA YA SERIKALI UNAYOILIPIA KWANZA KWA SIMU. Wanachofanya hawa watu ni kumjua mzee. Wanamuita "afande", wanamuuliza "ulikuwa brigedi gani," mzee anasikia raha, miaka 40 hajaulizwa na mtu hilo swali, anaanza kumwaga mwenyewe, namba ya jeshi, jina la kamanda wake, benki anayochukulia hela. Simu ya pili tapeli anamrudishia mzee yale yale aliyoyasema jana, na mzee anasema "huyu kweli ni wa makao makuu, ananijua!" Baba yangu alikuwa mtu mkali, hacheki na mtu, na alishaandika namba ya mpesa kwenye kiganja tayari kwenda kwa wakala, mama akamuuliza tu "huyo kanali mbona hajakuamuru umsalimie kijeshi?" akakaa chini.

Uhakiki wa wastaafu upo ndio, Hazina huwa inafanya na inatangaza, na mzee anaenda mwenyewe na kitambulisho chake cha pensheni, cha NIDA na barua ya tuzo la kustaafu. Haufanyiki na mtu wa kwenye simu. Ile namba ipelekeni polisi, na kwa mtandao wa simu iripotiwe pia. Na muulizeni mzee mambo ya brigedi nyie wenyewe wanawe, asisubiri tapeli.

Mume wangu alienda Congo na UN. Karudi salama lakini sio yule. Usiku anapiga kelele, bodaboda ikipasua ekzosi anajirusha, na anakunywa sana siku hizi. Mama mkwe anasema karogwa. (Dada wa Dar)

Dada pole, na asante kwa kuandika maana najua imekuchukua muda.

Wanajeshi wetu wako mashariki ya Congo toka 2013 ilipoundwa ile brigedi ya kujibu mashambulizi pamoja na Afrika Kusini na Malawi, na waliokuwa maeneo ya Beni wameona vitu. Tarehe 7 Desemba 2017 pale Semuliki kambi ya wenzetu ilishambuliwa kwa masaa, wakauawa Watanzania wasiopungua 14. Mtu aliyebeba mwenzake kutoka kwenye kitu kama kile hawezi kurudi Mbagala akakaa kwenye kochi akaangalia mpira kama zamani tu.

Hicho unachokieleza kina jina hospitalini, ni kiwewe cha baada ya tukio, na dalili ndo hizo hizo ulizoandika: ndoto, kushtuka, kukwepa watu, hasira, pombe ili apate usingizi. Zikizidi mwezi hazitaki kusubiriwa. Kinatibika, kwa kuongea na mtaalamu kwa muda na wakati mwingine kwa dawa. Akiwa bado kazini aanze na hospitali ya jeshi, Lugalo iko hapo hapo Dar. Akiwa ameshatoka, Muhimbili kuna idara ya afya ya akili, na Dodoma kuna Mirembe, na tafadhali tuache ule utani wetu wa Mirembe maana unawazuia watu kwenda.

Nyumbani: akipiga kelele usiku usimshike wala kumtikisa. Simama mbali kidogo, washa taa, mwite jina lake, mwambie yuko wapi, "baba fulani, uko nyumbani, ni mimi." Baba yangu hakuwahi kulala na mgongo kuelekea mlangoni mpaka anakufa. Nyumba yetu ya bati, jua likizama bati linapopoa linalia *ta*, *ta*, na tulipokuwa wadogo tulishamuona mara nyingi yuko chini ya meza na sahani ya ugali imemwagika, alafu anainuka anajifuta anasema anatafuta kijiko. Tulikuwa tunacheka! Hakuna aliyetuambia. Watoto wako waambie kwa lugha yao, baba aliumia sehemu isiyoonekana.

Mama mkwe usibishane naye. Kama anataka dua ifanyike, ifanyike, na mumeo hospitali aende. Ila mumeo akikupiga au ukaona silaha au maneno ya kujiua, hapo usisubiri kliniki, toka na watoto, waite ndugu, na yeye apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mzee wetu alikuwa mgambo, alichukuliwa kijijini akapigana hadi Kampala 1979. Anadai pensheni. Anaipata? (Wajukuu, Karagwe)

Hili swali linaniuma. Jeshi lilipanuliwa haraka sana baada ya Amin kuvamia Oktoba 1978, wakaingia mgambo, JKT, polisi, magereza, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979 wakiwemo na hao. Waganda walikuwa wanawaita "wakombozi" wote, hawakuuliza nani mgambo nani askari wa mkataba. Lakini pensheni ya Hazina inafuata ajira. Mgambo aliyevua gwanda akarudi kwenye migomba yake hana barua ya tuzo, na bila hiyo barua hakuna faili. Nisimpe mzee matumaini ya uongo.

Anachoweza kupata ni cha wazee wote: kitambulisho cha mzee wa miaka 60 na kuendelea kutoka halmashauri kwa ajili ya matibabu bure kama hajiwezi, na TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, kama kaya inakidhi vigezo. Ndugu zetu wa Zanzibar wao toka 2016 wana pensheni jamii kwa kila aliyefikisha miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Huku bara tunaisubiri, na mimi kwa maoni yangu tungeanza na hao wa 1979, hawajabaki wengi.

Babu yangu mzaa baba alikuwa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, aliondoka Mombasa kwa meli 1944 hakurudi, hatuna kaburi. Kuna pa kuuliza? (Msomaji, Kilifi)

Kwa mwaka huo na bandari hiyo, angalia kwanza meli ya Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa kwenda Colombo, tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Japani ikaizamisha karibu na Maldives, ndani ya dakika chache tu, wakafa karibu watu 1,300, wengi askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ina orodha ya majina kwenye mtandao na kutafuta ni bure. Jaribu jina kwa kila namna Mzungu angeweza kulikosea: Mwakazi, Muakasi, Makazi. Tafuta pia kwa jina la baba yake peke yake.

Usipompata usidhani hakuwepo. 2021 tume yenyewe ilikiri kwamba kwa vita ya kwanza ya dunia watu wasiopungua 116,000, wengi wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi ndo waliosahaulika zaidi, wale wa Carrier Corps ambao jina lao limebaki sokoni tu, Kariakoo kwetu na Kariokor kwenu Nairobi.

Tunataka kumpeleka baba Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ya Kagera, tarehe 25 Julai kabla hajachoka zaidi. Inawezekana? (Familia, Mwanza)

Mpelekeni. Ni Muleba, mnapita njia ya Bukoba. Pale ni eneo la jeshi kwaiyo msiende kwa kushtukiza, ombeni ruhusa mapema, na kama maadhimisho ya Siku ya Mashujaa mwaka huo yanafanyika pale kama 2013 basi ulinzi unakuwa mkubwa, bora mwende wiki moja kabla au baada mzee apate nafasi. Bebeni kiti, maji na mwavuli.

Na msimharakishe. Sisi tulimpeleka baba, alivua kofia getini hakuivaa tena, akawa anatembea mstari mmoja mmoja anasoma majina kwa sauti ya chini kama anaita roll call, sisi nyuma yake. Kwenye kaburi moja akasimama muda mrefu mpaka mama akamfuata akidhani amechoka. Akamwambia, "Huyu nilimkopa shilingi ishirini pale Masaka." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya elfu kumi, akaangalia huku na huku, akaikunja akaiweka chini ya kokoto.