Printa inapotea asubuhi: tenga anwani kwanza

Ndugu yangu wa Jinja, umesema ruta ya Cisco ndiyo inayogawa anwani za mtandao, yaani namba za kila kifaa (kazi hiyo huitwa DHCP), kafeni kwako, printa hupotea kila asubuhi, na kompyuta 2 zinaonyesha anwani ya 169.254.

Tuanze na printa. Umeiwekea 192.168.10.20 kwa mkono, lakini ruta haijui hilo. Kabla ya kutoa anwani, ruta huipigia pingi, yaani ujumbe mfupi wa kuita, kuona kama ina mtu. Usiku umezima printa, haiitiki, basi simu ya mteja wa kwanza inapewa anwani yake. Dawa ni kuzitenga anwani za vifaa vya kudumu, ruta isizigawe. Andika kwenye ruta:

ip dhcp excluded-address 192.168.10.1 192.168.10.30

Kisha unda fungu la anwani za kugawa:

ip dhcp pool KAFE
network 192.168.10.0 255.255.255.0
default-router 192.168.10.1
dns-server 8.8.8.8
lease 0 2

Usisahau default-router, yaani anwani ya ruta ambayo vifaa hupitia kwenda nje, maana bila hiyo mtu anapata anwani safi lakini intaneti haifunguki, na utahangaika siku nzima. Lease, yaani muda wa kukopeshwa anwani, hapo ni saa 2. Kawaida ni siku 1, ndefu mno kwa wateja wa kupita.

Zile kompyuta za 169.254 zimejipa anwani zenyewe baada ya kuiita ruta bila kujibiwa. Kagua waya na swichi, halafu kwenye kompyuta hizo andika ipconfig /renew ili ziombe anwani upya.

Kuhakikisha, tumia kwenye ruta show ip dhcp binding, inayoonyesha anwani zilizogawiwa. Angalia pia show ip dhcp conflict: anwani iliyogongana haigawiwi tena mpaka uifute kwa clear ip dhcp conflict *.

Na tafadhali, hifadhi kwa copy running-config startup-config kabla umeme haujakatika.