Sarafu Zilizotengenezwa Mjini Kwako: Maswali na Majibu

Katika safu iliyopita nilimshauri anayeanza kukusanya sarafu ajiwekee mpaka mmoja, yaani atafute zile zilizotengenezwa katika mji wake wa asili, kwa sababu mpaka wa namna hiyo humlazimisha kuisoma kila sarafu badala ya kuzirundika tu. Barua zilizofuata ni nyingi kuliko nafasi niliyo nayo. Hizi ndizo nilizoweza kuzijibu.

Swali: Mimi ni mzaliwa wa Ilala, Dar es Salaam. Nianze na sarafu gani? (Msomaji wa Ilala)

Kwa mpaka huo, huna hata moja. Mji wetu ulikuwa makao ya serikali kwa muda mrefu na ndio bandari kuu, lakini sarafu zilizopita mikononi mwa wakazi wake zilishushwa melini. Rupia za Wajerumani na heller, yaani visenti vyake, zilitoka Berlin na Hamburg, za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyotoa fedha wakati wa Waingereza, zilitoka hasa Uingereza, na hata sarafu za kwanza za Tanzania za mwaka 1966, zenye sura ya Mwalimu Nyerere, zilitengenezwa huko huko Uingereza. Kinachokufaa ni karatasi. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza na meli za kivita za Waingereza zikaifunga pwani, serikali ya kikoloni iliishiwa fedha, na kuanzia mwaka 1915 noti za muda zilichapishwa humu humu nchini. Nyingi zina jina la mji, Daressalam, kwa tahajia ya Kijerumani, katika mstari wa tarehe. Wenye msimamo mkali watasema noti si sarafu. Waache waseme.

Swali: Kwetu ni Tabora ingawa naishi Ubungo. Nasikia Tabora iliwahi kutengeneza sarafu. Ni kweli? (Msomaji wa Ubungo)

Ni kweli, na wewe ndiwe mwenye bahati kuliko wote walioandika. Mwaka 1916, uhaba wa fedha ulipozidi, Wajerumani waliigeuza karakana ya reli ya Tabora kuwa kiwanda cha sarafu, na kazi hiyo haikuvuka mwaka, kwani majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji mwezi Septemba mwaka huo huo. Zilitoka sarafu za aina tatu: heller 5 ya shaba njano, heller 20 ya shaba njano au shaba nyekundu, na rupia 15 ya dhahabu iliyochimbwa Sekenke, katika Mkoa wa Singida wa leo.

Anza na heller 20, kwa kuwa ndiyo iliyotengenezwa kwa wingi. Upande mmoja utaona taji, herufi D.O.A. za jina la koloni (Deutsch-Ostafrika), mwaka 1916 na herufi ndogo T, ambayo ndiyo alama ya Tabora. Iinamishe kidogo kwenye mwanga wa dirisha: mara nyingi taji limefifia upande mmoja, na maandishi hayakukaa sawasawa katikati, kwa sababu mashine na mihuri ya kugongea sura ilikuwa ya kubahatisha. Muhuri ulipochakaa ulichongwa mwingine, na hakuna miwili iliyofanana kabisa, hivyo mtu anaweza kujaza kisanduku kizima kwa sarafu ya thamani moja tu na bado asirudie. Mimi naiona hii kuwa raha kubwa kuliko kuisaka ya dhahabu.

Swali: Nimeletewa sarafu ya dhahabu ya Tabora yenye tembo kwa bei ya chini. Ninunue? (Msomaji wa Kinondoni)

Bei ya chini yenyewe ni jibu. Nakala za sarafu hiyo ni nyingi. Ipeleke kwanza kwa sonara aipime: ya kweli ina uzito wa gramu 7.17 hivi, na dhahabu yake ni ya karati 18. Muuzaji akikataa isipimwe, mrudishie na umuage.

Swali: Babu alikuta visarafu vya shaba shambani Kilwa, vina maandishi ya Kiarabu. Naweza kuviuza? (Msomaji wa Mbagala)

Usiviuze. Masultani wa Kilwa walitengeneza sarafu zao wenyewe za shaba karne nyingi kabla ya Mjerumani kufika. Upande mmoja huwa na jina la sultani na wa pili maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, na pande hizo mbili zina vina kama mistari ya shairi. Hazina tarehe, kwa hiyo wataalamu huzipanga kwa majina ya watawala na kwa mahali zilipookotwa. Moja ilipatikana kwenye magofu ya Great Zimbabwe, na nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Ndiyo maana mahali babu alipoviona pana thamani kuliko shaba yenyewe. Isitoshe, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na kuviuza au kuvisafirisha nje bila leseni ni kosa. Andika shamba lilipo, kisha toa taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale.

Swali: Senti kumi yangu yenye tundu ina herufi H. Maana yake nini? (Msomaji wa Temeke)

Hiyo ni sarafu ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, na H ni alama ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, Uingereza. Ukiona KN, ni King's Norton, pia Birmingham. SA ni Pretoria. I ni Bombay. Isiyo na herufi kwa kawaida ni ya Royal Mint, London.

Swali: Nisafishe sarafu kwa limao na majivu kama tunavyosafisha sufuria za shaba? (Msomaji wa Kigamboni)

Hapana. Limao hula uso wa shaba, majivu huukwaruza, na sarafu iliyong'arishwa hupoteza thamani kwa mkusanyaji. Ishike kwa ukingo. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, kwa hiyo itie kila moja katika bahasha ndogo ya karatasi isiyo na asidi, wala si mfuko laini wa plastiki ya PVC, ambao huacha ute wa kijani. Ikiwa tayari ina kijani kinachopukutika kama unga, usiichokonoe. Itenge na zingine, iweke ndani ya kopo lenye vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya, kisha uikague baada ya wiki chache.