Lehemu imetoka wapi kama mafuta hayana?

SWALI: Shikamoo daktari. Mume wangu amepimwa, akaambiwa lehemu (kolesteroli) mbaya iko juu. Nyumbani napikia mafuta yaliyoandikwa "hayana lehemu" na nyama hatuli sana, ila wali, maharage na samaki vyote ni vya nazi. Imetoka wapi?
Mama Zuhura, Mbagala

JIBU: Marahaba, Mama Zuhura. Maandishi hayo ni ya kweli ila hayakusaidii, kwani mafuta ya mimea yote, alizeti, nazi hata mawese, hayana lehemu ya kuhesabika. Nyingi hutengenezwa na ini lenyewe, maana mwili unaihitaji kujengea seli, nyongo na homoni.

Tazama aina ya mafuta. Karibu asilimia 90 ya mafuta ya nazi yameshiba: minyororo yake ya kaboni imejaa haidrojeni, imenyooka na hupangana kwa karibu. Ndiyo maana huganda asubuhi za Julai hapa Dar. Ukiyala kwa wingi, ini hupunguza vipokezi vinavyonasa chembe za LDL, yaani hiyo lehemu mbaya, nazo hubaki kwenye damu na kupenya kuta za mishipa. Hilo linanitisha, kwa sababu haliumi mpaka mshipa uzibe.

Tui sikukatazi, mama. Liwe la siku moja moja. Siku nyingine unga maharage kwa alizeti kidogo. Lakini wengine hurithi tatizo hili, na chakula peke yake hakitoshi. Baba Zuhura arudi kliniki, na akiandikiwa statini, dawa za kushusha lehemu, asiziache kwa sababu ya kitunguu saumu. Zuhura naye apimwe.