Protini asilimia 18 kwenye karatasi zote mbili, maziwa tofauti: angalia kasi ya chakula kuvunjika ndani ya rumeni (tumbo la kwanza la ng'ombe)

Mkuu aliyeanzisha uzi ana michanganyiko miwili ya chakula cha ng'ombe wa maziwa. Maabara imesema yote ina protini asilimia 18. Ng'ombe ni walewale, nyasi ni zilezile. Wakila wa kwanza, wenye mashudu ya alizeti na yurea, maziwa yanashuka. Wakila wa pili, wenye soya iliyokaangwa, yanapanda. Wengi hapo juu wamemwambia maabara imekosea. Mimi sidhani.

Kwa kawaida maabara haipimi protini yenyewe. Inapima naitrojeni, kisha inazidisha kwa 6.25. Kwa hesabu hiyo yurea yenye naitrojeni asilimia 46 inasomeka kama ina "protini" asilimia 287, ilhali haina hata chembe ya protini ndani yake. Kwa hiyo 18 yako inaweza kuwa sahihi kabisa kwenye karatasi zote mbili, na bado isikuambie hiyo naitrojeni inaachiliwa kwa kasi gani ikishafika rumeni.

Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye kituo cha utafiti wa mifugo, upande wa mifuko ya nailoni. Kwa wasioijua: ng'ombe wa majaribio hufanyiwa upasuaji ubavuni na kuwekewa mfuniko wa mpira, ukiufungua unaingiza mkono mpaka rumeni na yeye anaendelea kucheua zake. Unapima gramu 5 hivi za chakula kikavu, unatia kwenye kimfuko chenye vitundu vya mikroni 50 hivi (sehemu ya ishirini ya milimita), unakifunga na kukitumbukiza. Vingine unavitoa baada ya saa 3, vingine 6, 12, 24, na vya nyasi unaviacha hadi 48 au zaidi. Unaosha mpaka maji yatoke safi, unakausha, unapima kilichobaki. (Ile harufu mikononi haijapata sabuni yake, tuliache hilo.)

Kazi hiyo inakuzoesha kuuliza "saa ngapi" kabla ya "asilimia ngapi". Sukari huisha mapema sana. Protini ya lusini (alfalfa) mbichi sehemu kubwa inaondoka katika saa chache za mwanzo. Unga wa samaki unaweza kutoka baada ya saa nyingi ukiwa bado umeshikilia protini nyingi. Mabua ndiyo yanayochosha: saa za mwanzo uzito haupungui karibu kabisa, kwa sababu bakteria lazima kwanza washike kwenye nyuzi na kuvu watoboe ganda gumu. Kazi huanza baadaye, na lignini, ile sehemu ngumu kama ya mti, inabaki hata ukiyaacha wiki nzima, pamoja na selulosi (nyuzi zenyewe) iliyofungwa ndani yake.

Sasa hesabu. Watafiti Ørskov na McDonald mwaka 1979 waliigawa protini ya chakula hivi: kuna sehemu inayoyeyuka papo hapo, kuna sehemu inayovunjika polepole kwa kasi fulani kwa saa, na iliyobaki haivunjiki humo. Lakini chakula hakikai rumeni kikisubiri, kinasukumwa mbele muda wote. Chukua ile sehemu ya polepole. Kama inavunjika kwa asilimia 10 kwa saa na inasukumwa kwa asilimia 5 kwa saa, theluthi mbili yake itavunjwa rumeni (10 gawanya kwa 15). Kama inavunjika kwa asilimia 2.5 tu, ni theluthi moja, na theluthi mbili zinapita nzima kwenda tumbo la nne na utumbo mdogo. Msisahau tu kwamba mifuko ina udhaifu wake: unga laini sana hupenya vitundu na kuhesabiwa kuwa umevunjika kumbe umetoroka.

Kinachovunjwa kinakuwa amonia kwa sehemu kubwa, na amonia ni chakula cha bakteria, wanaoitumia kujijenga iwapo tu wana nishati ya kutosha kutoka kwenye wanga na nyuzi. Hao bakteria wakisukumwa mbele wanameng'enywa na kuwa protini nzuri ya ng'ombe mwenyewe. Mara nyingi zaidi ya nusu ya protini inayofika utumbo mdogo ni wao. Nishati ikikosekana, amonia inapita ukuta wa rumeni, ini linaigeuza yurea, na nyingi inaishia kwenye mkojo.

Naona ndicho kinachotokea kwako. Yurea huvunjika ndani ya saa moja au mbili, na protini ya mashudu ya alizeti nayo huvunjika haraka. Nyasi, kama ni kavu, wakati huo bado hazijaanza hata kutoa nishati. Soya iliyokaangwa joto limeipunguzia kasi, kwa hiyo sehemu kubwa inafika utumboni. Ila ikiungua haifai tena, maana hata utumbo hauwezi kuimeng'enya. Na soya nzima ina mafuta pia, usiisifu kwa protini peke yake.

Kuna watu wanalichukulia hili kupita kiasi, wanataka naitrojeni na nishati zifike dakika moja. Si lazima. Ng'ombe hurudisha sehemu ya ile yurea rumeni kupitia mate na ukuta wa rumeni, kwa hiyo ana akiba kidogo. Tatizo ni pale pengo linapokuwa kubwa na la kila siku.

Upande wa wanga kuna mtego mwingine. Wanga wa ngano na shayiri huchachuka haraka kuliko wa mahindi na mtama. Ukimpa ng'ombe nafaka iliyosagwa laini, nyingi, kwa mkupuo, asidi inajaa, na pH (kipimo cha asidi, kikishuka asidi imezidi) ikienda chini ya 6 bakteria wa nyuzi wanazubaa. Nyasi ulizonunua zinapita bila kutumika. Dawa yake ni mate, zaidi ya lita 100 kwa siku kwa ng'ombe mkubwa, na mate yanatokana na kutafuna na kucheua. Ndiyo maana nyasi zikatwe, zisisagwe kuwa unga.

Kwako ningefanya hivi: yurea isizidi asilimia 1 ya chakula chote kikavu, ichanganywe sawasawa, isiwekwe kwenye maji ya kunywa, na ndama wasioanza kucheua wasiiguse kabisa. Ongeza kitu chenye wanga kwenye mlo huohuo, gawanya chakula cha ziada mara tatu au nne kwa siku, na badilisha taratibu kwa wiki mbili hadi tatu, maana bakteria nao wanahitaji muda wa kubadilika. Halafu tuambie sasa hivi unawalisha mara ngapi, na kama nyasi zinatangulia au zinafuata, hilo hukuliandika.