Miguu ya Scheffler, mpira unaokata kulia na maswali mengine

Tangu mchezaji wa gofu Scottie Scheffler atwae mashindano mawili makubwa, Ubingwa wa PGA na The Open, katika mwaka mmoja, 2025, maswali mengi yanayoletwa hapa yana jina lake. Nimechagua yanayohusu jinsi anavyoupiga mpira. Ya fedha zake niwaachie wengine. Majibu yote ni ya anayepiga kwa mkono wa kulia, mashoto ageuze.

Scheffler akipiga draiva (fimbo ya kupigia mbali) miguu inateleza kama aliyekanyaga ganda la ndizi. Mwalimu wangu angenifukuza uwanjani. Mbona yeye anashinda? (Msomaji, Nakuru)

Kwa sababu mpira hauna habari na miguu. Fimbo na mpira hugusana kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na katika kitambo hicho yapo mambo machache tu yanayoamua: uso wa fimbo (sehemu inayougusa mpira) unaelekea wapi, fimbo inapita njia gani, inashuka au inapanda, ina kasi gani, na mpira umegusa sehemu ipi ya uso. Mengine yote ni namna ya kufika hapo.

Sasa tazama kinachomtelezesha. Scheffler ana urefu wa karibu mita 1.91, na akianza kushusha fimbo uzito wake huhamia mguu wa kushoto mapema sana. Kisha anaisukuma ardhi kwa mguu huohuo. Nyonga ya kushoto inarudi nyuma na kupanda, kiwiliwili kinazunguka, mikono inapata nafasi ya kupita. Mguu wa kulia wakati huo haubebi kitu, kwa hiyo nyonga inauburuta tu. Simamisha picha pale fimbo inapougusa mpira, ufunike kila kilicho chini ya magoti: kichwa kiko nyuma ya mpira, mikono imetangulia, kifua kimeanza kufunguka. Picha hiyo mwalimu yeyote angeibandika ukutani.

Randy Smith, anayemfundisha huko Dallas tangu utotoni, aliiona miguu hiyo na kuiacha. Kwangu mimi huo ndio ualimu. Wapo wengi ambao wangeanza kwa kumfunga miguu. Greg Norman naye, enzi zake, mguu wa kulia uliteleza. Jim Furyk fimbo yake hupanda kwa njia moja na kushuka kwa nyingine kabisa, mtu akiiona mara ya kwanza hucheka. Ndiye aliyechukua US Open 2003 na ndiye wa kwanza kumaliza raundi kwa mikwaju 58 katika PGA Tour (mfululizo wa mashindano ya wanaume wa kulipwa Marekani), mwaka 2016.

Lakini usimwige. Mchezaji wa wikiendi huteleza kwa sababu tofauti: uzito umebaki kulia na mwili unaangukia nyuma. Jipime hivi: ukimaliza swingi (mzungusho mzima wa fimbo), inua mguu wa kulia. Ukiweza kusimama kwa kushoto bila kuyumba, huna tatizo. Ukianguka, mwalimu wako ana haki ya kukufukuza.

Mpira wangu huanza vizuri kisha hukata kulia hadi msituni. Nimeamua kulenga kushoto zaidi lakini unazidi kukata. Nifanyeje? (Msomaji, Moshi)

Hili ndilo swali ninalolipokea kuliko yote, na jibu lake limebadilika tangu babu zetu wabebe fimbo. Zamani ilifundishwa kwamba mpira huanza kwenye njia ya fimbo, halafu hupindia upande uliotazama uso. Rada za kufuatilia mpira, kama TrackMan, zimeonyesha kinyume: mpira huanza zaidi kule unakotazama uso, hasa kwa draiva, kisha hupinda kutegemea tofauti kati ya uso na njia.

Chukua mfano. Uso wako umetazama kulia kwa nyuzi 2 tu, ambazo hata mwalimu mwenye macho makali hazioni. Njia ya fimbo inakwenda kushoto kwa nyuzi 6. Mpira utaanza karibu sawa na bendera ya shimo, ndiyo maana unasema "huanza vizuri", lakini kati ya uso na njia kuna pengo la nyuzi 8. Pengo hilo linatosha kuupeleka msituni. Wewe sasa unalenga kushoto zaidi: mabega yanageuka kushoto, njia inakwenda kushoto zaidi, ilhali mikono, ambayo bado inaitaka bendera, inauacha uso ukitazama kulekule. Pengo limeongezeka, na mpira umekata zaidi. Umeutibu ugonjwa kwa kilichouleta.

Anza na mshiko. Geuza mikono yote miwili kidogo kuelekea kulia juu ya fimbo, mpaka ukitazama chini uone vifundo viwili au vitatu vya mkono wa kushoto. Uso ukianza kufunga, mpira utakwenda kushoto moja kwa moja, utaudhika, na hapo mwili wenyewe utaanza kuitafuta njia ya ndani, ile inayotokea upande wa mwili wako. Utaratibu huu nauamini: uso kwanza, njia baadaye. Anayerekebisha njia wakati uso bado uko wazi, yaani umetazama kulia, atapiga mipira inayoanzia kulia na kubaki kulia.

Jambo moja la kuhakikisha kabla ya yote: paka poda au chaki usoni mwa draiva uone alama ya mpira iko wapi. Ikiwa karibu na shingo ya fimbo, kichwa hujipinda kidogo mpira unapogusa na kuupa mzunguko wa kukata kulia, hata kama swingi ilikuwa safi. Kuna watu wamebadilisha swingi nzima wakati tatizo lao lilikuwa kusimama karibu mno na mpira.

Kweli Scheffler hufanya mazoezi na fimbo ya wanafunzi? (Msomaji, Kisumu)

Kweli. Katika mazoezi yake hutumia fimbo yenye mshikio uliofinyangwa, ule wenye nafasi ya kila kidole, wanaopewa watoto. Bingwa wa mashindano ya Masters mara mbili, 2022 na 2024, na bado hauamini mshiko wake mpaka auhakiki. Wengi wetu tuliupitia siku ya kwanza na hatukurudi tena.

Kwenye runinga wachezaji wa kulipwa wanachimba nyasi mbele ya mpira. Mimi nachimba nyuma. Tofauti ni nini hasa? (Msomaji, Arusha)

Ni mahali swingi yako inapofika chini kabisa. Kwa mchezaji wa kulipwa mwenye ayoni (fimbo ya chuma), sehemu hiyo iko kama sentimita 10 mbele ya mpira. Fimbo inaugusa mpira ikiwa bado inashuka, kwa ayoni 7 kama nyuzi 4 kwa wastani wa PGA Tour, ndipo inakata nyasi. Mikono imetangulia, kwa hiyo mlalo wa uso (jinsi ulivyolalia nyuma) unapungua na mpira unatoka chini ukiwa na nguvu. Ndivyo ayoni 7 yao inavyoruka kama yadi 170 bila wao kuonekana kujikamua.

Wewe unajaribu kuuinua mpira. Uzito unabaki nyuma, kiganja cha kulia kinachota, fimbo inafika chini kabla ya mpira. Uso tayari una mlalo. Kuinua si kazi yako. Chora mstari kwenye mchanga wa banka, upige bila mpira, alama ianzie kwenye mstari kwenda mbele. Ukiweza hivyo mara nyingi mfululizo, ndipo uweke mpira.

Mwalimu wangu anasema draiva ipigwe ikipanda, lakini nimesoma kwamba wanaume wa PGA Tour huipiga ikishuka. Nani mkweli? (Dada, Mombasa)

Wote. Wastani wa wanaume hao ni kushuka kama nyuzi 1, ila kichwa cha fimbo chao kina kasi ya zaidi ya maili 110 kwa saa, kwa hiyo wanaweza kupoteza yadi chache ili waujue mpira utakapoangukia. Wanawake wa LPGA wana kasi ya kama maili 94 na hupiga ikipanda kama nyuzi 3. Wewe na mimi tuko karibu zaidi na hao. Tii (kijiti cha kuwekea mpira) iwe juu, mpira mkabala na kisigino cha kushoto, bega la kulia chini kidogo. Dada, ukitaka mtu wa kuiga, tazama LPGA. Nasema hivyo hata kwa wanaume, wengine hukasirika.

Wanajuaje kwamba Scheffler ndiye mpigaji bora, si kwamba ana bahati shimoni? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kwa hesabu iliyobuniwa na Mark Broadie wa Chuo Kikuu cha Columbia. Kila mkwaju unalinganishwa na wastani wa wachezaji wote kutoka umbali na mahali hapohapo, kisha inahesabiwa ulichoongeza au kupoteza. Ukiondoa mikwaju ya kwenye grini (nyasi fupi zinazozunguka shimo), Scheffler mwaka 2023 na 2024 aliwazidi wenzake wa wastani kwa zaidi ya mikwaju 2 kila raundi. Bahati tena? Mwaka 2023 kwenye grini alikuwa nje kabisa ya 100 bora. Machi 2024 alifika kwenye mashindano ya Bay Hill na fimbo ya kusukumia yenye kichwa kipana, akashinda kwa mikwaju 5, na wiki iliyofuata akatetea taji la mashindano ya Players, jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifanya.

Ayoni 7 yangu ya Nairobi ikifika Nyali inafupika. Ni hewa nzito ya bahari? (Msomaji, Nairobi)

Ni mwinuko. Hewa yenye unyevu, kinyume na inavyodhaniwa, ni nyepesi kidogo kuliko hewa kavu. Muthaiga ya Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni chache, na mpira huruka kama asilimia 6 zaidi. Yadi zako 150 za huko ni kama 141 Pwani. Chukua ayoni 6 na uiache swingi yako kama ilivyo.