Barua kwa Mwanangu: Sukari Iliyopanda Wakati wa Mimba

Mwanangu mpendwa,

Salaam nyingi kutoka Arua. Umeniuliza inawezekanaje wewe, ambaye hukuwahi kuugua kisukari, uambiwe kliniki katika wiki ya 26 ya mimba kwamba sukari yako imepanda, na kama ni soda ulizokunywa zilizokuponza.

Chanzo chake hasa ni kondo la nyuma. Kondo hilo linalomlisha mtoto hutoa homoni zake lenyewe, na homoni hizo, zikisaidiana na kotisoli, homoni nyingine ya mwili, huufanya mwili wa mama usiitikie kama zamani insulini, yaani homoni inayoitoa sukari katika damu na kuiingiza mwilini, ili sukari ikae zaidi katika damu na mtoto apate fungu lake. Kila mjamzito hupitia hali hiyo, nayo huzidi kadiri kondo linavyokua, ndiyo maana kipimo hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Kwa wengi kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini, huongeza insulini ya kutosha, lako limeelemewa. Uzito, umri na ukoo huchangia, lakini usikubali kamwe mtu akuambie kwamba umejiletea mwenyewe.

Zingatia sana jambo hili: insulini yako haivuki kondo, ila sukari yako huvuka. Mtoto akiipokea kwa wingi, kongosho lake hutengeneza insulini nyingi, naye hunenepa kupita kiasi hata uzazi ukawa mgumu. Kisha akizaliwa, sukari ya mama ikikatika ghafla, yake huweza kushuka mno katika saa za kwanza. Kwa hiyo ujifungulie hospitali, umwarifu mkunga mapema, na umnyonyeshe mtoto mara tu anapozaliwa.

Usijinyime chakula. Punguza matoke na posho (ugali), ongeza mboga za majani kama dodo (mchicha), maharage na samaki, acha soda na chai ya sukari, na utembee kidogo baada ya kula. Daktari akiona hayo hayatoshi akakuandikia insulini, ikubali bila hofu, na mitishamba watakayokutumia shangazi zako uiweke kando kwa heshima.

Kondo likishatoka, sukari ya wanawake wengi hurudi kawaida. Hata hivyo, aliyepata hali hii huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha kudumu baadaye, kwa hiyo siku utakapompeleka mtoto kwa chanjo ya wiki 6, omba nawe upimwe, hata kama unajisikia mzima kabisa.

Mama yako