Maswali yenu: neva (mshipa wa fahamu) ikikatika inaota tena au ndo basi?

Wiki iliyopita nilimgusia Albert Aguayo, yule daktari wa Montreal, Kanada, aliyebadilisha mawazo ya watu kuhusu neva za uti wa mgongo, nikadhani mtasoma mpite tu kumbe nimechokoza nyuki. Haya, najibu niliyoweza.

Mdogo wangu alikatwa na kioo kwenye kifundo cha mkono, neva imeungwa, huu mwezi wa pili vidole bado vina ganzi. Operesheni imefeli?

Mapema mno kusema hivyo. Neva ya mkono ikishaungwa inaota taratibu, kama milimita 1 kwa siku, na mwanzoni kuna wiki kadhaa inakaa tu haijaanza safari. Sasa chukua rula pima kutoka kifundo hadi ncha ya kidole, sentimita 17 au 18 hivi, piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya nusu mwaka hapo. Akirudi kliniki daktari atamgongagonga kwa kidole juu ya njia ya neva, kuna sehemu atashtuka kama kapigwa shoti, na ile sehemu ya shoti ikiwa inasogea kuelekea vidoleni kila akienda, ujue neva inatembea. Kwa sasa asishike sufuria ya moto kwa mkono huo, ataungua na hatajua.

Kama ya mkono inaota, ya uti wa mgongo inashindwa nini?

Hili ndo swali lililomla Aguayo miaka mingi. Kwa muda mrefu ilichukuliwa kwamba seli za ubongo na uti wa mgongo za mtu mzima zenyewe hazina tena uwezo wa kuota. Yeye na wenzake pale hospitali ya Montreal General, chuo cha McGill, wakajiuliza kama tatizo ni seli au ni mtaa inakoishi. Mwaka 1981 yeye na Samuel David wakatoa matokeo ya panya: walichukua kipande cha neva ya mguu, ncha moja wakaichomeka kwenye shina la ubongo, nyingine kwenye uti wa mgongo huko chini, katikati kipande kinapita nje kabisa kama mtu anayevuta waya wa umeme kuruka sehemu iliyoharibika. Nyuzi za seli za ubongo na za uti wa mgongo, yaani ile mikia mirefu inayobeba ujumbe, zikaingia humo zikaota karibu milimita 30! Kwa mnyama mdogo vile ni safari ndefu aisee. Kumbe seli haikuwa mvivu, mtaa ulikuwa mbaya.

Mbona nimesoma Mhispania alifanya hivyo kabla, Aguayo kakopi?

Umesoma vizuri. Jorge Francisco Tello, mwanafunzi wa Ramón y Cajal, mtafiti maarufu wa ubongo, alipandikiza vipande vya neva kwenye ubongo wa sungura mwaka 1911 na akaona nyuzi zinaingia, ila kwa rangi walizokuwa nazo enzi hizo hakuweza kuthibitisha zimetoka kwenye seli gani, mtu angeweza kumwambia hizo zimetoka kwingine. Kina Aguayo walikuwa na kimeng'enya kinachotolewa kwenye mzizi wa mmea mmoja mkali wanaoula Wazungu na nyama, unakipaka kwenye ncha ya uzi iliyokatwa, kinasafiri kurudi nyuma hadi kwenye seli mama, ukiipaka dawa chini ya darubini seli inaonekana hiyo hapo. Hakukopi, alimalizia kesi ambayo mwenzake alikosa ushahidi.

Kwa hiyo waliopooza wanatembea?

Hapana, na nisikudanganye. Zile nyuzi zikitoka kwenye kipande na kurudi uti wa mgongo zilienda kidogo tu zikasimama, maana zimerudi kwenye mtaa uleule. Ila hapo ndo faida ya kazi yake ilipo, watu wakaanza kutafuta ni nini kinazizuia mle ndani. Martin Schwab kule Zurich akakuta protini kwenye myelini, ile ganda la mafuta linalofunika nyuzi, na mwaka 2000 jeni yake ikajulikana, wakaiita Nogo. Dawa ya kuizuia imeshajaribiwa kwa watu walioumia shingo, kwa ujumla kwenye kipimo kikuu haikushinda, lakini kwa wale ambao jeraha halikukata mawasiliano yote kulikuwa na dalili za kutia moyo. Miaka zaidi ya 40 tangu panya wale, ndo tuko hapo.

Ukubwa wa mtafiti unapimwaje, tuzo au kunukuliwa?

Vyote Aguayo anavyo, tuzo ya Gairdner alipewa 1988 na hata IBRO, shirika la dunia la watafiti wa ubongo, aliliongoza. Mimi naangalia zaidi kama maswali ya wengine yalibadilika baada yake, na kwa Aguayo yalibadilika. Halafu IBRO hiyohiyo imekuwa ikigharamia mafunzo ya vijana wa Afrika, ambao nao wana chama chao cha watafiti wa ubongo, SONA, kilichoanzia hapo Nairobi 1993.

Kuna vidonge vinauzwa WhatsApp vinaotesha neva, 85,000 dozi moja. Ninunue?

Usinunue, hiyo hela mpeleke mgonjwa kliniki ya mazoezi.